Vifuniko Viwili vya East Midlands: Majibu kwa Wanaosema "Ni Uzembe wa Fundi Tu"

Tarehe 23 Februari 1995, ndege aina ya Boeing 737-400 ya shirika la British Midland iliruka kutoka uwanja wa East Midlands, Uingereza, kuelekea Lanzarote, kisiwa cha Uhispania kilicho karibu na pwani ya kaskazini-magharibi mwa Afrika. Ilikuwa bado inapanda marubani walipoona oili inapungua katika injini zote mbili kwa wakati mmoja, na presha ya oili nayo ikaanza kushuka. Waligeuza ndege, wakaelekea Luton na kutua salama. Injini zilizimwa ndege ikiwa bado inakimbia kwenye njia ya kurukia. Wachunguzi walikuta oili karibu yote imemwagika, na kwenye kila injini kulikuwa na tundu wazi ambalo lilipaswa kuwa na kifuniko.

Usiku uliotangulia, injini hizo zilikuwa zimekaguliwa kwa boroskopu, yaani darubini nyembamba inayopenyezwa ndani ya injini ili kuangalia mapanga yake bila kuifumua yote. Ili mkaguzi alione kila panga, mtu mwingine huizungusha shafti ya ndani kwa mkono, na ili aifikie shafti hiyo hufungua kifuniko kidogo kwenye giaboksi ya injini. Vifuniko viwili vilifunguliwa, kimoja kwa kila injini. Hakuna kilichorudishwa. Daftari la ufundi la ndege likasainiwa kwamba kazi imekamilika.

Nimekisimulia kisa hiki kwa watu wa kila aina, wakiwemo wanaopanda ndege kila wiki, na hoja wanazonirudishia hazitofautiani sana. Baadhi zina ukweli ndani yake. Lakini zikiwekwa pamoja zinatufanya tuamini kwamba usalama wa injini unategemea kumpata fundi asiyesahau. Fundi wa namna hiyo hajazaliwa, na ratiba yoyote ya kazi iliyopangwa kana kwamba yupo inahatarisha maisha ya abiria. Kwa hiyo nitazijibu hoja hizo, ndefu kwa fupi, kadiri kila moja inavyostahili.

"Huyo fundi alikuwa mzembe"

Wanaomhukumu kwa kawaida hawajui alikuwa nani wala alikuwa akifanya nini usiku ule. Ukaguzi ulipangiwa mafundi wa zamu ya usiku wanaohudumia ndege uwanjani, na zamu hiyo ilikuwa na upungufu wa watu. Kazi ikahamishiwa karakana kuu, kwa msimamizi wa zamu ya huko. Walikabidhiana kwa mdomo. Hakukuwa na karatasi iliyojazwa kuonyesha kazi imefikia wapi na kimebaki nini. Msimamizi huyo alikuwa na idhini ya kutumia boroskopu, kwa hiyo aliifanya kazi mwenyewe akisaidiwa na fundi mmoja, huku akiendelea kuisimamia karakana nzima. Kila aliyekuwa na swali usiku ule alimfuata yeye. Aliacha boroskopu, akaenda kutatua jambo la wengine, akarudi, akaitwa tena.

Mtu huyu tumwite mzembe? Alikuwa akiziba pengo ambalo hakulisababisha yeye. Mzembe angesema kazi si ya idara yake, akakaa zake.

Mwanasaikolojia James Reason wa Chuo Kikuu cha Manchester, aliyechunguza makosa ya watu kazini kwa miaka mingi, alikuwa na mfano wa bolti moja iliyopangwa nati nane, kila moja na alama yake. Kuzitoa kuna njia moja tu, kwa sababu nati ya nyuma haiwezi kutoka kabla ya ile iliyo mbele yake. Kuzirudisha kuna mipangilio 40,320, na ulio sahihi ni mmoja. Hapo hatujahesabu nati iliyosahaulika mezani. Wakati wa kufungua, kifaa chenyewe kinakuonyesha hatua inayofuata. Wakati wa kurudishia, unategemea kumbukumbu, na hapo ndipo makosa mengi ya matengenezo hutokea, hasa ya kuacha kitu. Ukimkatiza mtu katikati ya kurudishia, akirudi anaweza kuruka hatua nzima huku akili yake ikimhakikishia kwamba ameshaifanya. Hili humtokea mtu mwangalifu kama linavyomtokea mvivu.

Kuna jambo jingine ambalo wanaomlaumu fundi hulipita haraka. Idara ya uchunguzi wa ajali za ndege ya Uingereza, AAIB, iligundua kwamba wahandisi wa kampuni ile walikuwa wakifanya ukaguzi wa boroskopu kinyume cha utaratibu kwa muda mrefu, na idara ya ubora ya kampuni haikuwa imeliona hilo. Mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ilikuwa imeshaona kasoro katika usimamizi wa ubora wa kampuni hiyo, lakini haikuinyima idhini ya matengenezo kwa kuwa iliridhika kwamba kasoro zinashughulikiwa. Mfukuze msimamizi wa usiku ule, na jioni yake utabaki na karakana ileile, desturi ileile, upungufu uleule wa watu, na mtu mwingine anayeingia zamu.

"Basi kazi hizi wapewe wenye uzoefu"

Wenye uzoefu ndio waliokuwa nazo. Aliyeshika boroskopu East Midlands alikuwa msimamizi. Aliyebadilisha kioo cha mbele cha ndege ya British Airways huko Birmingham, mwezi Juni 1990, alikuwa meneja wa zamu. Kioo si injini, najua, lakini kisa kile kinaonyesha uzoefu unavyoweza kumponza mtu usiku. Meneja huyo naye alikuwa na watu pungufu, akaamua kuifanya kazi mwenyewe kati ya saa tisa usiku na saa kumi na moja alfajiri. Alitoa bolti ya zamani, akaenda nayo kwenye droo za vipuri mahali penye mwanga hafifu, akatafuta zinazofanana nayo kwa kuangalia tu. Jicho lake lilikuwa limemtumikia miaka mingi. Bolti 84 kati ya 90 alizofunga zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa, kwa tofauti isiyofika milimita moja, na sita zilizobaki zilikuwa fupi. Katika safari ya tarehe 10 Juni, ndege ilipofika futi 17,300, kioo kiling'oka na rubani mkuu akavutwa nusu mwili nje. Wahudumu walimng'ang'ania mpaka rubani msaidizi akatua Southampton, na alipona.

Mwanagenzi angefungua kitabu, kwa kuwa hajui. Mzoefu anajua, kwa hiyo hafungui. Siwadharau wazoefu hata kidogo, maana bila wao hakuna ndege ingeruka. Ninachosema ni kwamba uzoefu huongeza kasi na kujiamini, na vyote viwili vinahitaji mtu wa pili wa kuangalia kilichofanyika.

"Injini moja ikifa, nyingine ipo"

Hii ndiyo hoja inayotuliza watu wengi zaidi, na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Imejengwa juu ya hesabu ya kweli. Kama uwezekano wa injini moja kuzimika angani ni mdogo sana, uwezekano wa mbili kuzimika katika safari moja, kila moja kwa sababu yake, ni mdogo mno kiasi cha kukaribia kutokuwepo. Hesabu hiyo ina sharti moja: injini zisiwe na chanzo kimoja cha matatizo. Zikikaguliwa na watu walewale, usiku uleule, kwa namna ileile, sharti hilo limevunjika kabla abiria hajapanda. Ni kama mwenye nyumba anayenunua mapipa mawili ya maji ili moja likiharibika limbaki la pili, kisha akayajaza yote kwa maji ya kisima kimoja kilichochafuka.

Tarehe 5 Mei 1983, ndege ya Eastern Airlines aina ya TriStar iliondoka Miami kwenda Nassau, Bahama, ikiwa na abiria 162 na wafanyakazi 10. Ilikuwa na injini tatu. Walipokaribia Nassau, presha ya oili ya injini ya katikati ilishuka, rubani akaizima na kuamua kurudi Miami. Njiani geji za injini mbili zilizobaki zikaonyesha presha sifuri. Ya kulia ikazimika, na baada ya dakika chache ya kushoto nayo ikafuata. Ndege kubwa ya abiria ikawa inashuka juu ya bahari bila injini hata moja, kutoka karibu futi 13,000 hadi karibu futi 4,000, abiria wakiwa wamevaa maboya na wahudumu wakiwaandaa kwa kutua majini. Hatimaye ile ya katikati, iliyozimwa mapema kabla haijaharibika kabisa, ilikubali kuwaka, na kwa injini hiyo moja wakafika Miami. Hakuna aliyekufa.

Kilichotokea ni hiki. Kila injini ya ndege ile ilikuwa na plagi ya sumaku inayonasa chembe za chuma ndani ya oili, ili mafundi wajue mapema kama beringi zinalika. Eastern ilikuwa ikizibadilisha plagi hizo kila baada ya saa 22 za kuruka. Kila plagi inatakiwa kuwa na oringi, mipira myembamba ya duara inayoziba ili oili isipite. Kwa mazoea, mafundi walizichukua kwenye kabati la msimamizi, zikiwa tayari zimevishwa oringi. Usiku ule kabati lilikuwa tupu. Fundi mmoja akaenda stoo, akapewa plagi zilizofungashwa vizuri, zenye kitambulisho cha kuonyesha kwamba zinafaa kutumika. Hazikuwa na oringi. Yeye na mwenzake wakagawana injini, wakazifunga. Kisha injini zikazungushwa kwa stata, kwa sekunde 10 hivi, fundi akiwa chini anatazama kama kuna kinachovuja. Hakikuvuja kitu, kwa sababu sekunde 10 hazikutosha.

Angalia vizuri: hapa mikono ilikuwa ya watu wawili. Kugawana kazi kulikuwepo, na hakukusaidia, kwa kuwa vipuri vilitoka mahali pamoja na wote wawili waliamini jambo moja. Ndiyo sababu kanuni za ndege za injini mbili zinazoruka mbali na viwanja, zinazojulikana kwa jina la ETOPS, zimekuwa kali juu ya fundi yuleyule kufanya kazi ileile kwenye injini zote mbili katika ujio mmoja. Kanuni za matengenezo za Ulaya nazo zinataka karakana ipunguze hatari ya kosa moja kurudiwa katika kazi zinazofanana, na iwe na njia ya kunasa makosa katika kazi nyeti. Njia iliyo salama zaidi, inapowezekana, ni kuzipa injini mbili usiku tofauti. Leo ya kushoto, wiki ijayo ya kulia. Likibaki kosa, litasafiri na injini moja tu.

"Ukaguzi ukiwa mwingi, usalama ni mwingi"

Injini za British Midland hazikuwa na ugonjwa. Za Eastern pia. Zote tano ziliingia usiku zikiwa nzima, na kilichozijeruhi ni ukaguzi uliowekwa ili kuzilinda. Kila unapofungua kifuniko unanunua taarifa fulani kuhusu hali ya injini, na unailipia kwa uwezekano kwamba hutakirudisha sawasawa. Mara nyingi bei hiyo inafaa kulipwa, kwa sababu panga lenye ufa lisipogunduliwa linaweza kuleta maafa. Lakini ni bei, na anayepanga ratiba ya ukaguzi lazima aijumlishe. Sijawahi kumsikia mkubwa wa shirika akizungumza juu ya ukaguzi kana kwamba nao una hatari yake, na hilo linanisikitisha.

"Kazi ilisainiwa"

Saini ya East Midlands ilikuwepo. Ya Eastern ilikuwepo pia, tena kwenye kadi ya kazi iliyotaja kuweka oringi. Ya Birmingham ilitosha peke yake, kwa kuwa kazi ya kubadilisha kioo haikuhesabiwa miongoni mwa zile zinazohitaji mtu wa pili kuthibitisha. Saini inatuambia nani anaamini kazi imekwisha. Mtu aliyeruka hatua bila kujua ataisaini kwa moyo mweupe kabisa.

Kinachotegua mtego huu ni jaribio ambalo haliulizi mtu anaamini nini. East Midlands jaribio hilo liliandikwa kitabuni: baada ya ukaguzi, washa injini, ziache zizunguke polepole ndege ikiwa chini, kisha angalia. Oili ingemwagika sakafuni mbele ya macho ya kila mtu, na ndege isingeondoka asubuhi ile. Injini hazikuwashwa. Katika mambo yote ya usiku ule, hili ndilo ninalolirudia kila ninapozungumza na vijana wanaosomea ufundi wa ndege, kwa maana kifuniko kinaweza kusahauliwa na mtu yeyote, lakini kuacha jaribio kulikuwa kumeshakuwa sehemu ya namna watu walivyozoea kufanya kazi, na hakuna aliyeshtuka.

"Rubani huizunguka ndege kabla ya kuruka"

Ndiyo, huizunguka. Tarehe 24 Mei 2013, Heathrow, rubani msaidizi aliizunguka ndege ya British Airways aina ya Airbus A319 iliyokuwa ikienda Oslo. Dereva wa trekta la kusukuma ndege naye aliizunguka. Hakuna aliyeona kwamba boneti za injini zote mbili hazikuwa zimefungwa. Ndege ilipokuwa ikiruka, boneti zikang'oka, zikaharibu injini na kusababisha mafuta kuvuja, na injini ya kulia ikashika moto. Watu 80 waliokuwemo walirudishwa Heathrow moto ukiwa bado unawaka, na wote walinusurika.

Lachi za boneti za ndege hiyo ziko chini ya tumbo la injini, na injini yenyewe iko karibu na ardhi. Mtu aliyesimama hazioni. Boneti isiyofungwa hulala mahali pake, ikiacha mwanya mdogo tu pembeni. Ili uhakikishe, lazima upige goti au ulale chini, kwenye lami yenye maji na grisi, ukiwa na sare nyeupe na ratiba inayokusukuma. Tunamtwisha rubani kazi ya kuwa kizuizi cha mwisho, halafu tunaificha lachi mahali asipoweza kuiona.

Lachi ziliachwaje? Mafundi wawili wa zamu ya usiku walizifungua boneti ili wakague oili ya majenereta ya injini. Wakahitaji vifaa, wakaziacha boneti zimeshushwa bila kufungwa, wakaenda kuvitafuta. Waliporudi walikwenda kwenye ndege nyingine, ya familia ileile ya Airbus, iliyoegeshwa karibu. Wakakuta boneti zake zimefungwa. Wakadhani kuna mwenzao aliyezifunga. Ukisoma hili mchana, umekunywa chai, unatikisa kichwa. Soma tena ukijiweka saa kumi usiku katika uwanja wenye ndege nyingi za rangi moja, zinazotofautiana kwa herufi chache za usajili.

"Vyombo vya rubani vitaonyesha"

A319 ile haikuwa na taa ya kumwambia rubani kwamba boneti iko wazi. TriStar ya Eastern ilikuwa na geji, nazo zilisema kweli: presha sifuri, sifuri, sifuri. Marubani waliona haiwezekani injini tatu zipoteze oili kwa pamoja, wakashuku geji. Walifikiri kama walivyofundishwa, kwamba injini hazifi kwa pamoja. Hakuna aliyewaambia kwamba usiku uliopita zote tatu zilikuwa zimefunguliwa.

"Wanaofanya kazi usiku wameshazoea"

Mwili hauzoei kwa sababu bosi ameandika zamu. Saa ya ndani ya binadamu hufuata mwanga wa jua, na mtu anayefanya kazi usiku kwa siku chache kisha akarudi mchana haipi muda wa kugeuka. Uangalifu huwa chini kabisa katika saa zile za kabla ya alfajiri, hata kwa aliyelala vizuri mchana. Na wangapi wanalala vizuri mchana, nyumba ikiwa na watoto, jua linapenya dirishani na simu inalia?

Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya majaribio yao: mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi za uangalifu kama mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Fundi aliyeamka saa mbili asubuhi akaingia zamu yake ya kwanza ya usiku, ikifika saa tisa amekaa macho saa 19. Tusingemkubalia anukie bia mkononi ana spana. Lakini tunamkubalia uchovu, tena tunausifu kama moyo wa kujitolea, na tunamwongezea ovataimu. Katika kisa cha Heathrow wachunguzi waliangalia pia suala la uchovu wa mafundi na saa za ziada walizokuwa wakifanya.

Usiku hauwezi kufutwa. Ndege za safari fupi huruka mchana kutwa na kulala usiku, iwe Heathrow, Nairobi au Dar es Salaam, na matengenezo yatafanyika zikiwa zimelala. Ila inawezekana kuchagua kipi kifanywe saa tisa usiku na kipi kisubiri. Kazi ya kurudishia vifuniko vya injini, inayotegemea kumbukumbu, ingepaswa kuwa mwanzoni mwa zamu. Msimamizi asishike spana wakati anasimamia. Na zamu ikiwa na watu pungufu, kazi zipungue kwa kiasi hichohicho. Mafundi wengi wanaijua orodha hii kwa moyo. Wanaopanga ratiba ndio wanaopaswa kuitekeleza.

"Mnawatetea wakosaji. Adhabu kali ndiyo dawa"

Kwa Eastern, dawa hiyo ilishajaribiwa. Katika miezi 20 kabla ya Mei 1983, shirika hilo lilipata matukio 12 ya injini kuzimwa angani au ndege kutua bila kupangwa, yaliyotokana na oringi na ufungaji wa plagi zilezile za sumaku. Baada ya kila tukio jibu lilielekezwa kwa mafundi: hawakufuata utaratibu, wakumbushwe, waadhibiwe. Plagi za stoo ziliendelea kutolewa bila oringi. Za kabati la msimamizi ziliendelea kutolewa zikiwa nazo. Bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, NTSB, ilipotoa hukumu yake, iliwataja mafundi kwa kutofuata utaratibu, ikawataja wasimamizi kwa kutowasimamia, ikautaja uongozi kwa kutozitilia maanani dalili zilizotangulia, na ikawataja wakaguzi wa serikali kwa kosa hilohilo. Wa kwanza kati ya hao ndio waliokuwa wameadhibiwa miezi 20 mfululizo.

Linganisha na kilichofanywa baadaye kwa boneti za ndege za familia ya A320. Ilibuniwa lachi yenye ufunguo ambao hautoki mpaka lachi iwe imefungwa, na ufunguo huo hukaa chumba cha marubani. Fundi akisahau, ufunguo haupo mahali pake, na rubani anauliza. Hakuna aliyehitaji kutishwa.

Simtetei anayekunywa pombe kabla ya zamu, wala anayesaini kazi ambayo anajua hakuifanya. Huyo aondolewe, na kama sheria inataka, ashtakiwe. Lakini fundi aliyesahau kwa sababu aliitwa katikati ya kazi ni mtu tofauti, na karakana inayowachanganya hawa wawili inajidhuru yenyewe. Kuna fundi ambaye, saa moja asubuhi, akiwa njiani kurudi nyumbani, anakumbuka ghafla kwamba hakumbuki kukaza kifuniko. Ndege inapakia abiria muda huo. Ana simu mfukoni. Akipiga, ndege itachelewa, abiria watalalamika, na jina lake litaandikwa. Karakana ninayotaka ijengwe ni ile ambayo mtu huyo anapiga simu papo hapo, ndege inasimamishwa, injini inafunguliwa, na jioni anaingia zamu yake kama kawaida.